Mikono inayotufichia mvi

Kila Jumamosi asubuhi, nikishuka basi hapa Kanyosha, Bujumbura, huwa nahesabu saluni kabla sijafika nyumbani. Sikutumwa na mtu. Ni mazoea tu, kama wengine wanavyohesabu baa. Zipo zenye vioo vikubwa na viti vya kuzunguka, zipo za mabati, na ipo moja ambayo ni kiti cha plastiki kivulini na kioo kilichofungwa kwa waya kwenye shina la mwembe. Zote hujaa. Alasiri kuna harusi, jirani anapeleka mahari, kesho ni misa, na hakuna anayetaka kupigwa picha mvi zikichungulia.

Nilianza kwa kuhesabu saluni, nikajikuta natazama mikono. Wiki chache zilizopita nilikaa kusubiri zamu yangu, maana mimi mwenyewe ni mteja na sina haja ya kuficha. Mbele yangu binti wa miaka kama kumi na tisa alikuwa anamsuuza mama mmoja rangi kichwani. Maji ya REGIDESO yalikuwa yamekatika, kwa hiyo alichota kwa jagi kutoka kwenye bidoni ya njano, akamwaga kidogo, akasugua, akamwaga tena. Beseni lilijaa maji meusi na mikono yake ilizama humo hadi kwenye viwiko. Alipoitoa niliona kucha nyeusi kama za fundi wa pikipiki, na kati ya kidole cha shahada na cha kati ngozi ilikuwa imepasuka, wekundu unaonekana ndani ya ufa.

“Mwanangu, glavu huna?” nilimuuliza.

Alicheka kwa adabu. “Zilikuwemo kwenye boksi, mzee. Zilichanika zamani.”

Nimekaa na jibu hilo wiki hizo zote. Na msimamo wangu nauweka mezani mapema, ili asiyetaka kuendelea ageuze ukurasa: rangi nyeusi ya nywele ni kemikali ya kazini kama zilivyo asidi ya betri na dawa ya kuulia wadudu, na sisi tunaitendea kama pambo. Anayeilipia rangi hiyo kwa afya yake ni yule asiyepakwa. Wahenga walisema kinyozi hajinyoi. Walipaswa kuongeza kwamba hakuna anayemuuliza kwa nini.

Jina refu kwenye boksi dogo

Geuza boksi la rangi nyeusi, soma maandishi madogo ya upande ule ambao hakuna anayeusoma. Kwenye rangi nyingi za kudumu, hasa nyeusi na kahawia iliyokolea, utakuta jina refu: parafenilenediamini. Wataalamu hulifupisha, wanasema PPD. Ni mwana wa ukoo mkubwa uitwao amini za aromatiki, na ndugu zake ni anilini, benzidini na naftilamini. Neno “aromatiki” lisikudanganye. Halihusu manukato, ni namna ya wanakemia kusema kwamba ndani ya molekuli kuna pete ya kaboni sita.

PPD ikiwa safi haina hata weusi. Hugeuka kahawia, kisha nyeusi, inapokutana na hewa au na peroksidi, ile “maji” ya chupa ya pili. Amonia hufungua magamba ya unywele, PPD ambayo ni ndogo sana hupenya ndani, peroksidi huichochea, nayo hushikana na wenzake mpaka inakuwa kubwa kiasi cha kushindwa kutoka. Ndiyo maana rangi hii haiishi kwa kuosha. Umeingiza mgeni mwembamba mlangoni, akanenepea chumbani.

Lakini udogo huohuo ndio unaoiwezesha kupenya ngozi. Ikiingia hujishika kwenye protini za mwili, na kinga ya mwili huanza kuikariri sura yake. Mara ya kwanza hakuna kinachotokea, na pengine hata ya hamsini. Halafu siku moja mwili unasema basi: mikono inawasha, inavimba, inatoa malengelenge na maji, ngozi inapasuka. Nayo haitokei papo hapo. Huchukua siku moja hadi tatu. Binti amepaka vichwa sita Jumamosi, mikono inamwaka Jumatatu akiwa anafua nguo za nyumbani. Atalaumu nini? Sabuni. Akishabadilisha sabuni atalaumu maji, na asipopona wapo watakaomwambia amtazame vizuri jirani.

Ukishapata mzio huu, kwa kawaida unakaa nao maisha yako yote, na huwa na tabia ya kuita ndugu zake. Aliyeshikwa na PPD anaweza baadaye kukataliwa na dawa fulani za ganzi za kupaka, na baadhi ya rangi za nguo. Mpira mweusi wa matairi nao una kemikali za ukoo wa karibu, na hapa kwetu tairi haliishii barabarani: tunalikata ndala, tunalifungia mizigo ya baiskeli. Mwaka 2006 chama cha Marekani cha wataalamu wa mzio wa ngozi kiliitangaza PPD kuwa kisababishi cha mzio cha mwaka. Sherehe ya ajabu, lakini walikuwa na sababu zao.

Safari iliyoanza na homa ya malaria

Sisi wa Bujumbura tuna haki ya kujua kwamba hadithi hii ilianzia kwenye ugonjwa tunaoujua kuliko wengi. Mwaka 1856 kijana wa miaka 18 mjini London, William Henry Perkin, alikuwa anahangaika kutengeneza kwinini, dawa ya malaria, kutokana na mabaki ya lami ya makaa ya mawe. Kwinini haikupatikana. Chini ya chupa palibaki uchafu ambao, ulipoyeyushwa kwenye spiriti, ulitoa rangi ya zambarau. Akaachana na malaria, akafungua kiwanda cha rangi. Ulaya ikaanza kuvaa rangi ambazo hazikutoka kwenye mti, mzizi wala mdudu, na viwanda vya anilini vikaota, hasa Ujerumani.

Mwaka 1895 daktari wa upasuaji wa Frankfurt, Ludwig Rehn, aliwaeleza wenzake jambo lililomsumbua. Kati ya wafanyakazi 45 wa kutengeneza rangi nyekundu iitwayo fuksini, alikuwa ameona watatu wenye saratani ya kibofu cha mkojo. Watatu katika 45, kwa ugonjwa ambao daktari angeweza kumaliza miezi mingi bila kuuona! (Huyu Rehn ndiye aliyeshona jeraha la moyo wa mtu aliye hai mwaka uliofuata, na mgonjwa akapona. Hakuwa mtu wa kubahatisha.)

Baada ya Rehn pakafuata ubishi wa kawaida. Wenye viwanda walisema ni bahati mbaya, ni pombe, ni umri. Mwaka 1921 Shirika la Kazi Duniani, likiwa bado changa, lilichapisha ripoti kuhusu saratani ya kibofu kwa wafanyakazi wa viwanda vya anilini na kuzinyooshea kidole benzidini na naftilamini. Hata hivyo ilipita miongo mingine kabla viwanda vya Ulaya havijaacha kuzitengeneza. Ni kemikali zinazojua kusubiri. Mtu huzishika akiwa na miaka ishirini, damu huonekana kwenye mkojo akiwa na hamsini, na wakati huo bosi amehama, kiwanda kimebadili jina, na mke ndiye anayeuza shamba kulipia hospitali.

Je, msusi wa Kanyosha naye yuko kwenye hatari hiyo? Hapa nataka kusema kwa uangalifu, maana kutisha watu bila kipimo ni dhambi ya waandishi. PPD yenyewe haijaorodheshwa kuwa kisababishi cha saratani kwa binadamu. Lakini shirika la utafiti wa saratani la Umoja wa Mataifa lenye makao Lyon, IARC, liliitazama kazi nzima ya ususi na unyozi, mwaka 1993 na tena mwaka 2008, na mara zote mbili likaiweka kwenye kundi la mambo ambayo yaelekea husababisha saratani. Mteja anayepaka rangi nyumbani kwake hawakumweka humo, ushahidi haukutosha. Tofauti hiyo, ambayo wengi huipita, ndiyo kiini cha makala hii. Rangi ni ileile na boksi ni lilelile. Aliyekaa kitini hawakumtia hatiani, aliyesimama nyuma ya kiti walimwekea alama.

Mwaka 2001 utafiti uliofanywa California ulikuta kwamba waliofanya kazi ya saluni miaka kumi au zaidi walikuwa na hatari ya saratani ya kibofu mara tano ya watu wasioguswa na kazi hiyo. Tafiti nyingine zilizofuata zilipata ongezeko dogo zaidi, na sehemu ya lawama huenda ni ya rangi za zamani zilizokwisha kuondolewa sokoni. Sawa. Lakini Umoja wa Ulaya haukusubiri ubishi uishe: mwaka 2006 ulipiga marufuku kemikali 22 za rangi za nywele ambazo watengenezaji hawakuleta ushahidi kwamba ni salama. PPD waliiacha, wakaiwekea mpaka: isizidi asilimia mbili kwenye mchanganyiko unaofika kichwani.

Niambie sasa, nani anapima asilimia mbili kwenye beseni chini ya mwembe?

Onyo limeandikiwa nani?

Onyo tunalolikuta kwenye boksi, lile la kujaribu tone nyuma ya sikio au kwenye kiwiko na kusubiri saa 48, lina asili yake. Mwaka 1933 nchini Marekani iliingia sokoni rangi ya kope iliyoitwa Lash Lure, yenye kemikali ya ukoo huu. Mwanamke mmoja alipofuka, mwingine akafa. Bunge lao likatunga sheria ya chakula, dawa na vipodozi mwaka 1938, lakini rangi za nywele zilizotokana na lami ya makaa ziliachwa ziendelee kuuzwa kwa masharti: ziandikwe onyo, zieleze jaribio, zikataze kupakwa kwenye kope na nyusi. Wenye kampuni wakapona na mteja akapata karatasi.

Ni karatasi nzuri. Lakini isome kwa macho ya yule binti wa jagi. Inasema “usitumie kama kichwa chako kina vidonda.” Kichwa chake hakipakwi. Inasema “jaribu kwanza kwenye ngozi yako,” naye ngozi yake inajaribiwa mara sita kila Jumamosi bila kusubiri saa hata moja. Ndani mna jozi moja ya glavu laini kama mfuko wa maandazi, imekusudiwa mikono ya mtu mmoja, kichwa kimoja, mara moja kwa mwezi. Na kwa uchumi tulionao, boksi moja saluni hugawanywa: nusu kwa mama huyu, nusu kwa baba wa kesho. Glavu zinageuzwa ndani nje, zinavaliwa tena upande uliokwisha kulowa rangi. Hapo ni heri mikono mitupu, angalau ingeoshwa.

Halafu lugha. Kwenye rafu za maduka yetu utakuta Kiingereza, Kifaransa, Kiarabu, Kihindi, mara nyingine herufi ambazo sijui hata zinaanzia kushoto au kulia. Kirundi? Kiswahili? Sijawahi kukuta. Na paketi za unga mweusi, zile zinazochanganywa na maji tu kwenye kifuniko kwa mswaki mzee, mara nyingi hufika kwa msusi zimeshatolewa kwenye boksi lake. Karatasi ya onyo imebaki kwa muuzaji wa jumla, amefungia sukari.

Naungana na wanaosema mteja asome kabla ya kupaka. Ila ningependa kuona siku moja boksi lenye sentensi moja tu kwa anayepaka, sentensi ambayo binti wa darasa la sita anaweza kuisoma.

Jiwe la Khartoum na piko ya kwetu

Usidhani hili ni la saluni peke yake. Nchini Sudan PPD iliuzwa sokoni kwa wingi, na wengine waliiita jiwe. Wanawake waliichanganya na hina ili itoe weusi wa haraka. Mwaka 1983 madaktari wa Khartoum waliandika kwenye jarida la Lancet kuhusu waliofikishwa hospitali kwa sumu hiyo: uso na shingo vimevimba mpaka pumzi inazibwa, misuli inaoza, mkojo unageuka rangi ya chokoleti, kisha figo zinasimama. Hakuna dawa ya kuibatilisha. Kilichopo ni kufungua njia ya hewa, wakati mwingine kwa kutoboa koo, kumwagia mgonjwa maji ya mishipani, na kumweka kwenye mashine ya kusafisha damu kama ipo. Moroko nako kulikuwa na rangi ya jadi iitwayo takaut, iliyotoka kwenye mti. Ilipoadimika, PPD ikavalishwa jina lake, ikaua.

Na sisi tunayo piko. Kuanzia Lamu na Mombasa hadi Unguja, ile michoro myeusi inayokaa pembeni ya hina nyekundu kwenye miguu ya bibi harusi ni rangi ya nywele iliyogeuzwa kazi. Hapa Bujumbura harusi za Buyenzi haziendi bila hina. Sikatai uzuri wake. Lakini jani la hina, hata lilale usiku mzima, hutoa rangi ya chungwa na kahawia, halitoi weusi wa lami. Ukiona mchoro umekuwa mweusi tititi kabla ya kahawa kupoa, hiyo haikutoka mtini. Bibi harusi mwenye bahati mbaya hubaki na kovu lenye umbo la ua. Na mchoraji, aliyechora miguu ya mabibi harusi ishirini mwaka huu huku akifuta makosa kwa ncha ya kidole?

Jambo moja la nyumbani, kabla sijasahau. Rangi iliyobaki isiwekwe kwenye chupa ya Fanta. Nimeona kwa macho yangu, imewekwa dirishani, na mtoto wa miaka mitatu anacheza chini yake. Wengi wa wale wa Khartoum walioteseka zaidi ni walioimeza.

Kiwanda kisicho na geti

Rafiki yangu mmoja niliyemsomea mawazo haya aliniambia: “Mambo ya kemikali ni ya viwandani. Enzi za kiwanda cha COTEBU ungeandika, sasa unaandika nini?” Swali lake lilinifundisha. Kiwanda cha nguo, kizuri au kibaya, kina geti. Kina daftari la majina. Mkaguzi wa kazi akitaka kujua nani anashika rangi, anajua pa kubisha. Kwa aliyeajiriwa kwa mkataba, Burundi ina INSS, ambayo miongoni mwa kazi zake ni kulipa fidia ya ajali na magonjwa yatokanayo na kazi. Kanuni ya Kazi ilifanyiwa marekebisho Novemba 2020. Mwaka 2022 Shirika la Kazi Duniani liliingiza mazingira salama ya kazi kati ya haki za msingi ambazo kila nchi mwanachama inapaswa kuziheshimu, iwe imeridhia mkataba husika au la.

Maneno yapo. Sasa yachukue uyapeleke kwenye saluni ya mabati. Binti yule hana mkataba. Yuko “anajifunza”, na kujifunza huko kunaweza kuchukua miaka miwili. Analipwa kwa kichwa, na mwanzoni halipwi kabisa. Wazazi ndio walimlipia mwenye saluni ampokee. Na mwanafunzi ndiye anayepewa kazi ya beseni, maana kusuka na kukata ni kwa wakubwa. Kwa hiyo mwenye ngozi changa zaidi na ujuzi mdogo zaidi ndiye anayeshinda ndani ya maji meusi. Ngozi iliyolowa kutwa hulainika na kufunguka, na Wajerumani katika kanuni zao huhesabu saa mbili tu za mikono majini kwa siku kuwa ni kazi ya kulindwa. Yeye saa mbili anazimaliza kabla ya chai. Ongeza dawa ya kulainisha nywele, yenye magadi makali yanayokula ngozi, ndipo ije PPD ikute mlango uko wazi.

Siku mikono itakapokataa kabisa, hakuna fomu atakayojaza. Atarudi kwao, kilimani. Mikono ya mwanamke wa kwetu ndiyo jembe, ndiyo sufuria, ndiyo ya kumwogesha mtoto. Vidole vilivyopasuka havimenyi ndizi mbichi, haviambui maharage yaliyolowekwa, havishiki chumvi. Yule mdogo wake aliyekuwa anasomeshwa kwa vichwa vya Jumamosi atasimama shule muhula huo, na kwenye kijiji watasema mjini kumemshinda. Hakuna hesabu ya taifa itakayomhesabu. Na mficha maradhi, tulifundishwa, kifo humuumbua. Lakini binti huyu hafichi. Mikono anaionyesha kila siku, sisi tumefumba macho tukisubiri kusuuzwa.

“Glavu hazilipi kodi ya nyumba”

Nilimfuata mwenye saluni mmoja, mama mwenye heshima zake anayelea watoto wanne kwa kazi hiyo, nikamweleza haya yote. Alinisikiliza akimaliza kichwa cha mtu. Kisha akasema, “Baba, glavu hazilipi kodi ya nyumba. Nikiongeza bei, mteja anavuka barabara.” Sikuwa na jibu la haraka. Anasema kweli. Mimi ndiye mteja anayevuka barabara.

Lakini tuifanye hesabu vizuri. Jozi moja ya glavu nzuri za nitrili, zile za buluu za hospitali, haifiki bei ya chupa ya Primus. Mteja anayepaka rangi mara moja kila wiki sita akiongezewa bei ya jozi moja hatafilisika; huenda asitambue. Wanaovuka barabara watavuka kama upande wa pili ni rahisi zaidi, na upande wa pili hautakuwa rahisi kama kila saluni inadaiwa jambo lilelile. Hapo ndipo serikali inapohitajika. Kanyosha inaweza kuanza bila kusubiri semina ya hotelini: anayetoza ushuru wa saluni kila mwezi tayari anazijua zote, mlango kwa mlango. Aulize pia glavu ziko wapi, asiondoke kabla hajaonyeshwa.

ABREMA, inayosimamia dawa na vyakula, na BBN, yenye dhamana ya viwango, zina kazi ngumu zaidi mpakani na kwenye maghala. Jumuiya ya Afrika Mashariki, ambamo tumo tangu 2007, ina kiwango chake cha vipodozi, EAS 377, chenye orodha za vilivyokatazwa na vilivyowekewa mpaka. Kiwango bila kipimo ni karatasi kama ile ya kwenye boksi. Naomba jambo moja dogo kabla ya makubwa: paketi ya rangi isiyo na maandishi ya Kirundi au Kiswahili isiuzwe. Sigara tunaziandika. Rangi inashindikana nini?

Na mengine hayahitaji hata faranga. Kata nywele kwanza, upake rangi baadaye, ili mikono isishike nywele zilizolowa rangi kwa nusu saa ya mkasi. Changanya mlangoni penye hewa, si kwenye kona. Kusuuza ndiko kubaya kuliko kupaka, kwa hiyo glavu zibaki mkononi mpaka maji yatoke meupe. Zikichanika zitupwe, hakuna kugeuza. Mwanafunzi anayewashwa vidoleni aondolewe kwenye beseni siku ileile, apewe kusuka, asiambiwe atazoea. Mwili hauzoei PPD. Kila anapoishika tena unazidi kuikasirikia.

Nawasikia watakaosema kwamba nchi ina njaa, mafuta hayapatikani kwenye vituo, na mwandishi huyu analia na vidole. Ndiyo, nalia na vidole. Mkate wa nyumba nyingi za Kanyosha umeshikwa na vidole hivyo, na njaa haipungui mikono ikiharibika.

Jumamosi iliyopita nilirudi palepale nikiwa na boksi la glavu mia moja, nikaliweka juu ya kaunta kabla ya kukaa. Binti alivaa jozi, akachezesha vidole kama mtoto mwenye soksi mpya, wenzake wakamcheka, kisha nao wakachukua. Boksi langu halitafika mbali, najua. Kwa hiyo wewe uliyesoma hadi hapa, wiki hii kabla hujakaa kwenye kiti, uliza glavu ziko wapi. Ukiambiwa hazipo, inuka, sema utarudi zikinunuliwa. Mvi zitakusubiri, haziozi.